Nyumba ya Nafuu na Sharti la Kutouza: Sheria Yetu Yasemaje?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyewafanyia waja wake majumba kuwa mahala pa utulivu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Hapa kwetu Konde, baada ya sala ya Alasiri, walinijia watu wa nyumba mbili. Kila upande ulikuwa na karatasi yake mkononi. Marehemu mzee wa nyumba ya kwanza alipewa shamba la eka tatu na Serikali. Mnamo miaka ya tisini, mji ulipoanza kutanuka kuelekea mashambani, alikata kipande akamuuzia jirani yake. Jirani akajenga nyumba, akapanda minazi na kulelea watoto hapo. Mzee alipofariki, watoto wake waliambiwa kuwa shamba la eka tatu haliuzwi bila ya idhini ya Serikali. Wakasema: "Basi, Sheikh, bei hiyo ni batili. Ardhi irudi kwetu." Nikawauliza: "Na pesa za watu?" Wakanyamaza.

Ukimya ule ndio ulionifanya niandike makala hii. Jambo hili halikuanzia kwetu wala halitaishia kwetu. Popote Serikali inapompa mtu ardhi, au inapomuuzia nyumba kwa bei ya chini kuliko ya soko, humfungia na sharti: usiuze, au usiuze kabla ya miaka kadhaa, au usiuze ila kwa idhini yetu. Je, sharti kama hilo lina uzito gani mbele ya Sheria ya Mwenyezi Mungu? Na aliyelivunja, mauzo yake yana hukumu gani?

MASHARTI HAYA YALIVYO KATIKA NCHI ZETU

Kwanza tuyajue mambo yenyewe, kwani wanavyuoni wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa.

Zanzibar imewahi kuona sharti la kuzuia mauzo tangu zama za ukoloni. Mwaka 1934, wakati wenye mashamba ya mikarafuu walipokuwa wamezama katika madeni, ilitolewa amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwenda kwa watu wa jamii nyengine bila ya ruhusa. Madeni mengi yalikuwa yamefungwa kwa mkataba wa bei khiyari. Mwenye shamba "humuuzia" mkopeshaji, naye hubakisha haki ya kulikomboa, na mpaka alikomboe hulipa kodi ya shamba lake mwenyewe. Jina lilikuwa bei, lakini mara nyingi ndani yake mlikuwa na riba iliyovishwa kanzu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote iliwekwa chini ya Serikali, na kuanzia 1965 zaidi ya familia 20,000 za Unguja na Pemba ziligaiwa eka tatu tatu. Aliyepewa alikuwa na haki ya kulima na kula mazao, lakini hakuwa na ruhusa ya kuiuza, kuikata vipande wala kuihamisha bila ya idhini. Sheria ya Matumizi ya Ardhi Nambari 12 ya 1992 ilithibitisha kuwa ardhi ni ya umma na kwamba alichonacho mwananchi ni haki ya kuitumia. Sheria ya Uhamishaji wa Ardhi Nambari 8 ya 1994 ikaweka bodi ya kuangalia uhamishaji kabla haujapita.

Katika zama hizo hizo zilijengwa nyumba za maendeleo: yale majumba marefu ya Michenzani kule Unguja, na kwetu Pemba majumba ya Chake Chake, Wete na Mkoani. Watu waliingizwa wakae, hawakupewa milki ya kuuza. Sheria ya kondominiamu ya 2010 ndiyo iliyofungua mlango wa mtu kumiliki sehemu yake ndani ya jengo la ghorofa.

Huko Tanzania Bara, kuanzia 2002, Serikali iliwauzia watumishi wake maelfu ya nyumba ilizokuwa ikizimiliki, kwa sharti kuwa mnunuzi asiiuze kabla ya miaka 25. Kenya, katika Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, imemkataza aliyenunua nyumba hizo kumuuzia mwengine bila ya idhini ya maandishi ya bodi husika. Na kule Singapore, ambako wananchi wengi wanakaa katika majumba yaliyojengwa na Serikali, mnunuzi hulazimika kukaa mwenyewe miaka 5 kabla ya kuruhusiwa kuuza katika soko huria, na kwa baadhi ya majumba ya karibuni miaka 10.

Hekima inayotajwa kote ni moja. Nyumba ile imepunguzwa bei kwa mali ya umma ili fakiri apate pa kulaza watoto. Akiiuza kesho kwa bei ya soko, ile nafuu huishia mfukoni mwa mtu mmoja, na fakiri wa pili hakuti kitu.

JE, TULICHOPEWA NI MILKI AU NI MATUMIZI?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kabla ya kuuliza kama sharti linasihi, uliza: mkataba wenyewe ni wa aina gani?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametofautisha baina ya kumiliki dhati ya kitu, kumiliki manufaa yake, na kuruhusiwa tu kukitumia. Aliyenunua nyumba kwa mkataba kamili amemiliki dhati. Aliyekodi amemiliki manufaa kwa muda. Ama mgeni uliyemkaribisha chumbani kwako, huyo hana ila ruhusa. Hawezi kukiuza chumba wala kukikodisha.

Na katika vitabu vya hukumu za utawala, kama kile cha Imamu Al-Mawardi, imeelezwa kuwa ardhi anayoigawa kiongozi, yaani iqtaa, iko inayotolewa iwe milki ya mtu na iko inayotolewa kwa manufaa tu. Mtume (S.A.W.) alimgaia Bilal bin Al-Harith Al-Muzani ardhi ya Al-Aqiq. Ulipofika ukhalifa wake, Sayyidna Umar (R.A.) alimwambia kwamba hakupewa ardhi ile aizuie watu; abakie na kile anachoweza kukihudumia na kilichobaki akirudishe, na Umar akakigawa kwa Waislamu. Tunajifunza hapa kuwa mgao wa kiongozi hufungamana na lengo lake.

Tukizipima eka tatu kwa mizani hiyo, tunaona kuwa ni mgao wa manufaa. Aliyepewa hakuambiwa "tunakuuzia, ila usiuze". Aliambiwa "lima, ule". Basi alipouza dhati ya ardhi, kosa lake halikuwa kuvunja sharti tu. Aliuza asichokimiliki, na Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza kile ambacho hanacho. Hivyo hivyo nyumba ya maendeleo ambayo mkaazi hajamilikishwa kisheria: mkaazi anaweza kutoka, lakini hawezi kuuza kuta.

Wapo wanaosema: "Sheikh, ardhi hizo zilichukuliwa kwa wenyewe mwaka 1964. Kama asili yake ina mushkili, sharti la Serikali litanifungaje mimi?" Asili ya ardhi hizo ina mjadala wake, na si makala hii itakayoumaliza. Lakini hoja hiyo inamrudia mwenyewe. Ikiwa unaona kuwa mali ile ni ya mtu mwengine aliyedhulumiwa, basi wewe ndiye uliye mbali zaidi na haki ya kuiuza na kula thamani yake. Mwenye wasiwasi huo ajiepushe na mali hiyo.

KAULI ZA MAIMAMU KUHUSU BEI YENYE SHARTI

Sasa tuchukue sura ya pili: nyumba imeuzwa kweli, milki imehama, lakini mnunuzi ameshurutishwa asiiuze.

Kuna kisa mashuhuri katika vitabu vya fiqhi. Abdul-Warith bin Said aliwakuta wanavyuoni watatu wa Iraq, akawauliza juu ya bei iliyofungwa na sharti. Abu Hanifa akasema bei ni batili na sharti ni batili. Ibn Abi Layla akasema bei inasihi na sharti ni batili. Ibn Shubruma akasema vyote viwili vinasihi. Akastaajabu: mafakihi watatu wa nchi moja, kauli tatu katika mas-ala moja! Aliporudi kwa kila mmoja alikuta ana hadithi yake. Wa kwanza alitegemea hadithi ya kukatazwa bei na sharti, ambayo wanavyuoni wa hadithi wameisemea udhaifu katika isnadi yake. Wa pili alitegemea kisa cha Barira, pale wenyewe walipotaka kumuuzia Bibi Aisha (R.A.) kwa sharti la kubakisha walaa kwao, na Mtume (S.A.W.) akalibatilisha sharti lao na kuipitisha bei. Wa tatu alitegemea ngamia wa Jabir (R.A.), aliyemuuzia Mtume (S.A.W.) na kushurutisha ampande mpaka Madina.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, sharti linalokwenda kinyume na muradi wa mkataba, kama kusema "nakuuzia kwa sharti usiuze", huiharibu bei yenyewe, isipokuwa masharti maalumu yaliyovuliwa kwa dalili, kama vile khiyari, muda wa malipo, rehani na mdhamini. Sababu ni kuwa milki maana yake ni uhuru wa kukiendesha kitu; ukimpa mtu milki na ukamzuia kuuza, umempa kwa mkono wa kulia ukapokea kwa wa kushoto. Wamaliki wanaliona sharti hilo linaiharibu bei, ila likiondoshwa bei husimama. Mahanbali mashuhuri kwao ni kuwa sharti huanguka na bei hubaki. Akaja Ibn Taymiyya akasema kuwa asili ya masharti ni kuruhusika, na ikiwa muuzaji ana kusudio sahihi katika sharti lake, basi litekelezwe, kwani Waislamu hushikamana na masharti yao isipokuwa lile linalohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Na iko athari katika Muwatta ya Imamu Malik iliyo karibu mno na mas-ala yetu. Abdullah bin Masud (R.A.) alinunua mjakazi kwa mkewe Zaynab, naye akamshurutisha kuwa akitaka kumuuza basi amrudishie yeye kwa bei atakayomuuzia. Ibn Masud akamuuliza Sayyidna Umar (R.A.), naye akamwambia asimkaribie huyo mjakazi hali ya kuwa ndani yake muna sharti la mtu. Wengine wamefahamu kuwa mkataba huo umeingia kasoro. Imamu Ahmad amefahamu, katika riwaya iliyopokewa kwake, kuwa bei inajuzu na kilichokatazwa ni kumkaribia tu. Sharti hili ndilo lile lile linaloitwa leo haki ya kwanza ya kununua, ambalo mashirika ya nyumba huliandika katika mikataba yao.

Basi afanye nini mtu wa madhehebu yetu aliyenunua nyumba ya namna hiyo? Anavyoona mwandishi wa makala hii, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuufanya mkataba uwe wa ijara ya muda mrefu badala ya bei, kwani anayekodisha ana haki ya kuweka mipaka ya matumizi; na hii ndiyo hali ya ardhi yetu Zanzibar kwa jumla, ambako dhati imebaki kwa umma. Ya pili ni kukumbuka kanuni mbili: kwamba hukumu ya hakimu katika mambo ya ijtihadi huondosha khitilafu, na kwamba uendeshaji wa kiongozi juu ya raia hufungwa na maslaha. Ikiwa Serikali imechagua kauli iliyosemwa na wanavyuoni wakubwa, na maslaha yako wazi kwa mafakiri, mtu hana udhuru wa kutia saini leo kwa kauli ya Ibn Taymiyya ili apate nyumba rahisi, kisha kesho akauza kwa kauli ya Shafi ili apate faida. Huko ni kuichezea dini.

KUWEKA KIKOMO CHA BEI

Huulizwa pia: "Je, kunipangia bei ya kuuzia si ule upangaji wa bei alioukataa Mtume (S.A.W.)?" Ni kweli kwamba imepokewa kwa Anas (R.A.) kuwa bei zilipanda Madina, watu wakamtaka Mtume (S.A.W.) awapangie, naye akakataa, akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhulma.

Lakini hadithi hiyo inamhusu mfanyabiashara aliyeleta mali yake sokoni, nayo imepanda kwa upungufu wa bidhaa na wingi wa watu. Ama aliyeuziwa nyumba kwa nusu ya thamani yake kwa mali ya umma, na akakubali mwenyewe kuwa akitoka atairudisha kwa hesabu fulani, huyo hakunyang'anywa kitu. Hata hivyo, ikiwa kikomo kitawekwa chini hata asirudishiwe alichotumia katika kujenga na kutengeneza, hapo dhulma imehamia upande wa pili, na sharti halina tena maslaha ya kuitetea.

MIPANGO YA MJI: NANI AAMUE, NA KWA MIZANI GANI?

Sharti la kutouza haliwezi kutenganishwa na mipango ya ardhi. Kipande alichouza yule mzee kilikuwa shamba, lakini kilinunuliwa kwa ajili ya kujenga. Nani wa kusema kuwa bonde hili ni la kulima na kiambo kile ni cha makaazi?

Uislamu haukuliwacha jambo hili. Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa watu wakikhitilafiana katika njia, basi iwe dhiraa saba. Alikataza madhara na kulipizana madhara. Wanavyuoni wakaeleza harimu, yaani eneo linaloachwa kuzunguka kisima, njia na kijiji ili manufaa yasikwame. Ulipojengwa mji wa Kufa mwaka wa 17 Hijria, katika ukhalifa wa Umar (R.A.), At-Tabari ametaja kuwa njia kuu zilipimwa dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa 7, na msikiti ukawekwa katikati. Basi anayedai kuwa mipango ya mji ni uzushi wa Wazungu hajaisoma historia yake.

Lakini mipango nayo inaweza kugeuka kuwa silaha. Mji wa Unguja uliwahi kupangwa na wakoloni mwaka 1923 na tena 1958, na Ng'ambo, walikokaa wengi wasio na uwezo, haikutazamwa kwa jicho lililoutazama Mji Mkongwe. Huko Ng'ambo mtu alimiliki kibanda chake huku akilipia kodi ya ardhi iliyo chini yake, na kodi ilipozidi, mwaka 1928 watu waligoma kuilipa. Hivi leo pia, ikiwa kanuni zitataka kiwanja kikubwa ambacho fakiri hakimudu, au eneo likibadilishwa kutoka kilimo kuwa ujenzi baada tu ya wakubwa kununua pale, mipango hiyo imetoka katika maslaha na kuingia katika dhulma.

Kwa hivyo kila aliyekabidhiwa uamuzi huu, awe sheha, diwani au mpimaji, na aikumbuke hadithi ya Ibn Al-Lutbiyya, aliyerudi kutoka kukusanya zaka akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angezawadiwa. "Soda" anayopewa mtu ili aone shamba kuwa kiwanja iko katika mlango huo huo.

TULIVYOWAAMBIA WALE WATU

Nawarudia wale wa nyumba mbili. Tuliwaambia watoto wa marehemu: ikiwa mnataka kusema bei ya baba yenu ni batili, basi ubatili una pande mbili. Katika mkataba ulioharibika muuzaji hurudishiwa kitu chake, na mnunuzi hurudishiwa thamani yake. Pesa alizopokea marehemu ni deni juu yake, na deni hutolewa kabla ya kugawa mirathi. Kuichukua ardhi na kuzizuia pesa ni kula mali ya watu kwa batili, na kumwacha baba yenu kaburini amefungwa na deni.

Tukawaambia pia kuwa aliyejenga kwa ridhaa ya aliyemuuzia hawi sawa na mporaji. Jengo lake halibomolewi bure bila ya fidia. Na kwa kuwa shilingi ya miaka ya tisini si shilingi ya leo, ingawa wanavyuoni wetu asili yao ni kurudisha idadi ile ile, suluhu ni bora, na suluhu baina ya Waislamu inajuzu.

Kisha tukawaambia wote: wala sisi hapa barazani, wala nyinyi, si wenye dhati ya ardhi. Kadhi atawagaia mirathi, lakini mgogoro wa ardhi una mahkama yake kwa Sheria Nambari 7 ya 1994. Nendeni pamoja, ombeni idhini. Ikipatikana, fungeni mkataba mpya ulio safi. Isipopatikana, rudishianeni haki. Wakaondoka pamoja, na hilo lilikuwa la kheri kuliko walivyokuja.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

Mara nyingi karatasi za mauzo huletwa msikitini tuzishuhudie. Tusitie saini mpaka tumeuliza: Je, muuzaji anamiliki dhati au manufaa tu? Je, pana sharti la kutouza au la kuomba idhini, na muda wake umekwisha? Je, mnunuzi analijua? Je, eneo ni la kujenga, au ni njia, shamba au chanzo cha maji? Na mke, wadogo na warithi wengine wa mali hiyo wameulizwa? Shahidi anayejua kasoro na akanyamaza, ameshiriki katika ugomvi wa watoto ambao bado hawajazaliwa.

Nyumba ya nafuu ni amana. Aliyeipata ameipokea kwa jasho la wengi, na nyuma yake wapo wanaongoja kwa zamu. Akitaka kutoka, na atoke kwa mlango alioingilia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atupe riziki ya halali na makaazi yenye utulivu, na atuepushe na kula haki za wenzetu. Wallahu aalam.